Usingizi wa Popo

Popo alikuwa amelala tena usingizi wa pono. Ndivyo ilivyosema saa, na mtafiti akaisoma mara mbili ili ahakikishe.

Jina la Popo alipewa na wafungwa wenzake, kwa kuwa usiku halali. Tangu aletewe habari za msiba wa mama yake, naye yuko ndani, hakuzika wala hakulia, usingizi ulimhama. Majirani wa seli wakikoroma, yeye alihesabu nondo za dirisha, akimaliza anaanza upya. Kwa hiyo mpango wa tiba ya akili ulipofika gerezani, yeye ndiye aliyesukumwa mbele. Akipona huyu, walisema, hata kuta zitapona.

Mpango wenyewe haukuwa na makuu. Mara moja kwa wiki watu wachache walikaa duara katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, wakazungumza. Mtafiti, mwanasaikolojia kijana ambaye wote walimwita daktari mpaka akachoka kukanusha, aliwafundisha kutuliza mwili kwa pumzi na maneno ya taratibu. Kila mmoja alivishwa saa ya mkononi yenye kioo cha kuwaka, ambayo asubuhi ilionyesha aliyeivaa amelala kiasi gani. Popo, mwenye sauti nzito ya chini kwa chini, aliagizwa kuyasema yale maneno kwa sauti kila jioni baada ya kufungiwa. Asione haya, mtafiti alimwambia. Aseme mpaka usingizi uje.

Wiki za mwanzo haukuja. Kisha ukaja, tena ukaja mzimamzima.

Afande wa zamu ya usiku hakuupenda mpango huu hata chembe. Siku askari walipoelezwa kazi ya zile saa, yeye alikuwa kwake amepumzika, na aliporudi alikuta wafungwa wanameremeta mikononi. Mfungwa na saa, wapi na wapi? Yeye analinda usiku kucha, saa yake imekufa zamani, na hajapewa hata ya plastiki. Waliokosa ndio wanaotunzwa! Alilalamika kwa kila aliyekuwa na masikio, mkuu wa gereza akiwemo. Ajabu ni kwamba wiki zilivyopita, hata yeye alilainika. Alipunguza kufoka, akaacha kugonga milango kwa rungu asubuhi. Mtafiti aliliandika hilo kwenye ripoti yake kwa fahari: utulivu unaambukiza.

Lakini mkuu wa gereza hakutaka mashairi. Alikihitaji kile chumba kwa magodoro yake, na alikuwa ametangaza kwamba mpango usipoonyesha matunda, unafungwa. Popo alipolisikia hilo alikosa raha kabisa. Katika duara lile ndipo alipomlilia mama yake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mbele ya wanaume wazima, na hakuna aliyemcheka. Sasa kila wiki alifika na macho mekundu, mtafiti akimsogezea leso kabla hata hajaketi, na akitoka hapo alijisikia mwepesi. Kuliko kukosa chumba kile, afadhali akose chakula.

Siku ya hukumu ikafika. Mtafiti akabandika ukutani mchoro wa usingizi wa Popo: mstari uliokuwa ukitambaa chini ulikuwa umepanda juu bila aibu. Mkuu akautazama, akakuna kidevu. Mashine hudanganywa, akasema. Yeye aliamini macho ya askari. Akaagiza afande wa usiku aitwe.

Hakuna asiyejua alichokuwa akisema afande huyu juu ya mpango. Mtafiti alikunja vidole. Popo aliinamisha kichwa, akaomba kimoyomoyo, maana neno moja tu la mtu yule lilitosha kurudisha magodoro.

Mkuu alimweleza afande jinsi saa zile zinavyopima usingizi, akamwonyesha mchoro. Afande akausogelea. Akaufuata mstari kwa kidole, usiku mmoja baada ya mwingine, na jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Wewe ndiye unayekesha pale mlangoni," mkuu akasema. "Niambie kweli. Analala?"

Afande akamtazama Popo. Popo akatazama sakafu.

"Analala, mkuu," afande akajibu polepole. "Tena sana."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha, mkuu."

Mkuu akacheka, akapiga meza kwa kiganja. Mpango uendelee mwaka mwingine, akasema, na saa ziendelee kuvaliwa, na safari hii atapita kukagua mwenyewe bila kubisha hodi. Mtafiti alitokwa na machozi ya furaha wala hakuyaficha. Wafungwa walimpigapiga Popo mgongoni, wakidai jina libadilishwe, kuanzia leo aitwe Pono. Mwenyewe alitabasamu tu, akapiga mwayo.

Jioni, wakati wa kufungiwa, afande alikawia kwenye mlango wa Popo. Aligeuza ufunguo, akakohoa, akaangalia huku na huku. Popo akavua saa yake, akaipitisha kwenye kidirisha cha mlango, kama kila jioni. Afande akaifunga mkononi mwake, akavuta kiti, akaegemea ukuta.

"Legeza mabega, afande," Popo akaanza kwa sauti ile nzito. "Mkuu akitokea, nitakuamsha."