Kiti cha Afnan

Harufu ya viazi karai ilifika kabla taa hazijazimwa. Abdulsamad akageuza shingo taratibu, na hakuona ila alichokiogopa. Bi Mwatime, mama mkwe wake, alikuwa amefungua mfuko wa nailoni mapajani na anakula, ndani ya ukumbi wa opera wa Houston, safu ya tano, vidole vinang'aa mafuta.

"Chukua kimoja, baba," alimwambia. "Safari yote ile hukutia kitu tumboni."

Mzungu wa mbele akageuka. Abdulsamad akamwonyesha meno, ati anatabasamu.

Kiti kile kilikuwa cha mkewe. Lakini Afnan alibadilishiwa zamu hospitalini asubuhi ile ile, akasema tiketi isipotee bure, mchukue mama, tangu aje kutoka Mombasa hajatia mguu nje ya Irving, mji wanaokaa. Mkwe hakataliwi. Basi saa nne za barabara Abdulsamad alisikiliza habari za nani kafa na nani kaachwa, na kaseti ya Charlotte Averill, mwimbaji waliyekuwa wanamwendea, imelala kwenye droo ya gari.

Miaka tisa alikuwa dereva wa teksi pale uwanja wa ndege, na miaka tisa sauti ya mwanamke yule ndiyo iliyompa nguvu za kuamka. Madereva wenzake walimcheka: Mswahili gani huyu, wa kulizwa na nyimbo za Kitaliano? Naye aliwaona washamba, wote, na hakuwaficha.

Usiku huu Charlotte alikuwa anaaga. Hapakuwa na igizo wala mavazi ya kifalme, ni yeye na piano, na baada ya hapo haimbi tena. Ndiyo maana Abdulsamad alikuwa na bahasha mfukoni mwa koti, na ndani yake barua aliyoiandika akaichana, akaiandika akaichana, mpaka Afnan akamkataza kuichana tena. Jina lake hakulitia. Jina angelitaja mwenyewe, kwa kinywa chake, akimkabidhi mkononi.

Bi Mwatime alishaiona. Alimuuliza atampa saa ngapi, naye akamjibu kwamba ni baadaye, huku kwa Wazungu watu hawamwendei mtu hivi hivi.

"Wewe una haya kama biharusi," bibi akasema. "Utarudi nayo nyumbani, nakwambia."

Kisha akaanza kulalamika baridi ya viyoyozi. Abdulsamad akavua koti, limetoka kwa dobi jana, akampa shingo upande. Bi Mwatime akajitanda mabegani na, mbele ya macho yake, akapangusia vidole kwenye mkunjo wa mkono. Loo! Abdulsamad akatazama pembeni asije akasema neno.

Charlotte akatoka, watu wakasimama, wakaketi, ukumbi ukanyamaza. Katikati ya wimbo wa kwanza Bi Mwatime akateuka, akamshukuru Mola kwa sauti. Wimbo wa pili akaanza kutikisa kichwa na kuguna: ah, wallahi, huyu kajaaliwa. Watu wakamsonya. Abdulsamad akahamishia magoti upande wa pili, wasidhani wako pamoja.

Wa tatu ulikuwa wimbo wa mama anayembembeleza mtoto ambaye hataamka. Bi Mwatime hakujua hata neno moja la wimbo ule, lakini alilia, akapenga kamasi kwenye mtandio wake. Kisha akajipapasa mabegani na kifuani, akasimama.

Abdulsamad alijua anakokwenda. Kwao, taarabu ikikuingia huketi na mikono mapajani. Unainuka, unamwendea mwimbaji palepale anapoimba, unamtunza. Lakini hapa! Mbele ya Wazungu waliovaa hariri, umtie Charlotte Averill noti mkononi kama mwimbaji wa harusi ya mtaani!

"Mama, kaa," alinong'ona.

Alikuwa ameshatoka. Alishuka njia ya katikati ya viti akichezesha mabega, koti linaburura, mkono mmoja juu unapunga. Watu wakaanza kucheka. Abdulsamad akajifunika uso kwa karatasi ya ratiba. Miaka tisa, na hivi ndivyo Charlotte atakavyomwona kwa mara ya kwanza: mkwe wa kikongwe yule mwenye mafuta vidoleni.

Mhudumu wa ukumbi akamwinamia, akamuuliza kwa adabu kama amekuja na mama yule.

"Simjui," akasema Abdulsamad.

Na mfuko huu chini ya kiti? Huo nao si wake. Mhudumu akauokota kwa ncha za vidole. Abdulsamad aliona nafuu. Ni aibu kuisema, lakini aliona nafuu.

Kisha kicheko kikakatika. Piano nayo ilikuwa imenyamaza. Akashusha karatasi.

Charlotte hakuwa amemfukuza bibi. Alikuwa amepiga goti ukingoni mwa jukwaa, mkono mmoja ameshikana na Bi Mwatime, na katika mkono wa pili ana karatasi iliyokunjuliwa. Akasimama, akaisoma kwa sauti ile iliyojaza ukumbi bila kipaza sauti:

"Kwa miaka tisa, wewe ndiye abiria wangu wa mwisho kila siku, na hujawahi kushuka."

Akapangusa jicho. Akasema wimbo wake wa mwisho hapa duniani atamwimbia aliyeandika maneno haya, akiwa amesimama naye hapa juu. Barua haina jina, akasema, akauliza mama huyu aliyeileta amekuja na nani.

Bi Mwatime hakuelewa Kiingereza kile. Alikuwa anaitazama safu ya tano na kutabasamu.

Abdulsamad alifungua kinywa. Lakini mhudumu, aliyesimama begani pake na mfuko wa viazi mkononi, alimtangulia.

"Nimeshauliza, bibi," alimwambia Charlotte kwa sauti. "Hakuna anayemjua."