Baba Mpole

Kaburi lilikuwa limepaliliwa. Fundi cherehani aliliona hilo kwa mbali, tangu langoni, akasita.

Jana tu mchimba kaburi alimwapia kwamba aliyelala humo hana mtu. "Hana mke, hana ndugu, hata jina limefutika kwenye jiwe. Mchukue awe babako, mwanangu. Ni baba mpole huyo, hajawahi kumkana mtoto." Akacheka mpaka akakohoa.

Fundi hakucheka. Alizaliwa mtaa wa pili tu kutoka hapo, lakini cheti hana, na mama yake alikufa bila kumtaja baba. Sheria mpya haikuwa na huruma: asiye na cheti amwonyeshe afisa mwandikishaji kaburi la mzazi wake. Akishindwa, hapati kadi ya kura, na asiye na kadi ni mgeni, atapelekwa mpakani. Wanawe walikuwa nyumbani wakimngoja.

"Haya, tangulia, mama," alisema afisa nyuma yake.

Huyo afisa habari zake zilikuwa zimeenea mjini. Asubuhi ileile alimrudisha mzee mmoja kwa kosa la kupotea njia akienda kwa marehemu babake. Fundi alitangulia, akababaika penye njia panda, asijue ipi inafika pale. Afisa ndiye aliyekata kushoto kwanza, akauruka mzizi uliojificha majanini. Fundi alijikwaa papo hapo.

Wakasimama mbele ya kaburi. Udongo ulikuwa umefagiwa, na ua moja lililonyauka limelazwa upande wa kichwani. Nani kalileta? Fundi alihisi kabisa kwamba aliyelala pale ameamka na ametega sikio. Nisamehe, alimwomba kimoyomoyo. Sina pengine pa kwenda.

"Huyu ni nani yako?"

"Baba."

"Huwa unakuja kumzuru?"

"Nikipata nafasi."

"Ua hili umelileta wewe?"

"Mimi, ndiyo."

Afisa alimtazama kidogo. "Alikufa na nini?"

"Kifua," alijibu, kama alivyofundishwa. Hapo machozi yakamtoka, tena ya kweli, kwa hofu na kwa kumwonea huruma mtu aliyekosa hata jina. "Alikohoa mpaka mwisho, masikini."

Afisa akavua kofia, akachuchumaa, akang'oa jani moja lililoanza kuchipua pembeni mwa jiwe. Aliweka fomu juu ya goti, akagonga muhuri, akampa.

"Dada," alisema, macho yakiwa bado kaburini, "mimi niliambiwa na mchimba kaburi kwamba baba alikufa kwa homa."