Chini ya B

Simu ya Euphrasia ilikuwa ndani ya ndoo ya unga wa sembe, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na aliyeifukia humo ni binti yake wa mwisho.

"Utaipata ukishakula," alisema Irene. "Tangu asubuhi unafungua huo ukurasa wa chuo. Acha ku-refresh, mama. Nywila si nilikuwekea mimi? Kula, nitakuangalizia."

"Usithubutu. Matokeo yangu nitayasoma mwenyewe."

"Basi mwache profesa apumzike. Naye ni mtu, analala."

"Alale akishasahihisha," alijibu Euphrasia, akavuta sahani.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, muuguzi wa kliniki ya figo hapo Wheaton, Marekani, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili kule Fairfax. Masomo yote alishafaulu. Lilibaki moja tu, takwimu, na matokeo yake yalikuwa yamechelewa siku nne. Katika siku hizo nne alikwenda kazini na viatu vya rangi mbili, akashuka treni vituo viwili kabla ya kwake, na akainjika sufuria ya maharage isiyo na maharage.

Si kwamba aliogopa kufeli. Chuo kinaruhusu C moja na cheti unapewa. "Chuo kinavumilia," alizoea kusema, "mimi sivumilii." Watoto wake wanne walikulia chini ya sheria hiyo. Aliyeleta alama chini ya B alinyang'anywa simu, na hakuna aliyethubutu kuuliza atarudishiwa lini.

Ndiyo maana mwezi wa tisa, Irene aliposema anataka kuacha famasia akasomee mapishi ya keki, Euphrasia alicheka kwanza. Kisha akatamka mbele ya kina mama wa jumuiya, rozari zikiwa bado mikononi: "Siku nitakayopata chini ya B, nenda kapike keki zako. Kabla ya hapo usinitajie."

Na neno la Euphrasia lilikuwa neno. Hakuwahi kulimeza. Uongo nao hakuujua, hata ule mdogo wa adabu. Aliwahi kumwambia padri, mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia, kwamba mahubiri yake yangefaa kugawanywa Jumapili mbili.

Jumapili hiyo walikuwa na ubatizo wa mjukuu wa Mama Gwakisa, mwenzake wa jumuiya, katika ukumbi mmoja wa Columbia Heights. Keki ilikuwa ya Irene, ya nazi na iliki. Mama mmoja Mkenya, Chepngetich, alifika mezani na sahani tupu.

"Hii imetengenezwa na nani? Nimerudi kwa laini mara tatu na sioni haya."

"Huyo hapo anayekata," alisema Euphrasia.

Irene alikuwa anamweleza mzee mmoja kwa nini ute wa yai hupigwa peke yake kwanza. Mzee akauliza yai lenyewe huwa limekosa nini. Irene akacheka mpaka akaweka kisu chini. Euphrasia alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuusikia mcheko ule. Ilikuwa kabla ya famasia.

"Na matokeo, mwanafunzi wetu?" aliuliza Mama Gwakisa kwa sauti ya kutosha meza tatu. "Au C imeshakukuta?"

"Matokeo gani?" alisema Euphrasia, macho bado kwa Irene.

Yalitoka kesho yake, saa kumi jioni. Euphrasia alikuwa anakatakata sukuma. Irene alikuwa mezani na kadi zake za majina ya dawa, midomo inamcheza kama mtu anayezimeza moja moja bila maji. Simu ikalia. Euphrasia akajifuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Akamtazama binti yake kwa muda.

"Yametoka?"

"Yametoka."

"Umepata nini?"

Euphrasia akaifunika simu kifuani. "C."

"Haiwezekani. Nione."

"Unataka kuona aibu ya mama yako? Kaa hapo."

Irene hakukaa. Alizunguka meza, akamkumbatia. "Pole, mama. Huyo profesa amekuonea."

"Usimsingizie mtu. Maswali yalikuwa magumu."

Kisha Irene akasema taratibu, "Yale ya mwezi wa tisa, mama, sikudai. Najua zilikuwa hasira tu."

"Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Basi. Kesho waandikie hao wa shule ya keki. Na huko nako, chini ya B sitaki kuona."

Irene alirudi mezani, akazikusanya zile kadi, akazifunga kwa mpira.

Kufika Jumatano jumuiya nzima ilishajua. Mama Gwakisa alipiga simu kutoa pole, na pole yenyewe ilikuwa na kicheko ndani yake. "Ndiyo ukubwa huo, dada yangu. Kichwa nacho kinazeeka."

"Ndiyo hivyo," alisema Euphrasia, akaipokea kama mtu anayepokea sindano.

Alipokata simu alikuwa peke yake ndani ya gari, kwenye maegesho ya kliniki. Aliufungua ukurasa wa chuo, akaitazama ile A mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha akabadilisha nywila.