Swali la Bibi Kizimbani

Bibi, shahidi wa mwisho, alimshika mkalimani mkono akamnong'oneza kwa lugha yao: "Mwanangu, nikisema ni mimi niliyewasha ule moto, watamwachia mjukuu wangu?"

Mkalimani alikuwa ameapa kufasiri kila neno, hata la kunong'onezwa, na kutomjibu shahidi lolote. Vidole vile vikavu vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa shati lake, utadhani bibi wa watu anazama.

"Amesema nini?" hakimu akauliza.

Mkalimani akainua macho. Mbele yao mshtakiwa, kijana mdogo, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Anaomba maji, mheshimiwa."

Karani akaleta bilauri. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, lakini hakunywa. Alimkodolea macho mkalimani, akingoja jibu.