Goti la Kisukuma

Ignasi alipomaliza bakuli la pili la mtindi na kuulizia la tatu, mkewe Epifania alimtazama kwa makini, kama anayeangalia ugali kama umeiva.

"Tangu lini wewe unakunywa maziwa, baba Dominika?"

"Siyo mimi," Ignasi akajibu, akijipigapiga goti. "Ni huyu."

"Huyu" alikuwa Shija, Msukuma mfuga ng'ombe, au tuseme damu ya Shija. Kwa imani ya Ignasi ilikuwa imehamia kwenye goti lake la kulia na sasa imeanza kutoa amri.

Kisa chenyewe kilimtia aibu hata yeye. Mwalimu mstaafu, mvi kichwani, aliyegeukia kuuza mahindi biashara hiyo iliporuhusiwa kwa watu binafsi, alikubali kucheza mpira pale Milanzi, wauza mahindi dhidi ya wauza ng'ombe, kwa sababu tu alikuwa amepata njumu za mtumba zinazomtosha. Mpira ulipomfikia akataka kumpiga Shija chenga ya ujanani. Mwili ukaenda kushoto, goti likabaki kulia. Kano ikakatika. Mji mzima akautangazia kwamba Shija amemvunja, ingawa alijua fika kwamba Shija alikuwa amesimama tu, mikono kiunoni, anasubiri aone mwalimu anataka kufanya nini.

Uongo ule ulimfaa. Limbu, mtoto wa Shija, alikuwa anataka kumuoa Dominika, na Ignasi alishakataa katakata. Ng'ombe wa Shija walishamlia mahindi yake, binti asingewapa. Sasa akapata na sababu ya pili. Dominika akaacha kumsalimia. Anaweka chakula mezani, anaondoka. Jamani, hilo lilimuuma Ignasi kuliko goti, lakini angerudije nyuma, naye alishasema hapana mbele za watu?

Ndipo akapita Sumbawanga Daktari Meshack, bingwa wa mifupa, na mashine zake. Asubuhi ya upasuaji muuguzi alimtoa Ignasi damu mkononi. Ya kupima, akadhani. Kisha daktari akaja kumweleza: akishaishona kano, atachukua damu iliyozungushwa kwenye mashine mpaka chembe zinazoponya vidonda zikajikusanya kwenye maji ya njano, na maji hayo atayachoma gotini ili lipone haraka. Alieleza taratibu, hatua kwa hatua. Bahati mbaya Ignasi hakusikia hata nusu. Wakati huo alikuwa na shughuli ya kutubu dhambi, na zilikuwa nyingi.

Alipotolewa chumba cha upasuaji, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Shija, ameketi kwenye benchi la ukumbini, jasho linamtoka, pamba imefungwa mkononi.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Nyamaza," Epifania akamnong'oneza. "Unadhani hayo maji ya njano yametoka wapi? Kwani wewe una damu ya kuchezea?"

Ignasi akalia kidogo, akasingizia ganzi.

Goti likapona, tena vizuri, na kadiri lilivyopona ndivyo mwenyewe alivyobadilika. Mtindi ulikuwa mwanzo tu. Akaanza kusimama njiani kusifia ng'ombe wa watu. Siku moja akajikuta anapiga mluzi nyuma ya kundi lililokuwa likipelekwa mnadani, mpaka mwenye ng'ombe akamuuliza kama amepotea. Alijicheka sana siku hiyo, lakini mluzi hakuuacha.

Kila alipomshukuru Shija, Shija aliangalia chini.

"Achana na hayo, mwalimu. Habari za damu mimi sizipendi."

Ignasi akaona huo ndio unyenyekevu. Mtu zizi limejaa, na bado siku ya kuchinja humwita jirani amchinjie, yeye akaenda kukaa mbali kabisa. Mtu wa namna hiyo akubali sindano kwa ajili ya aliyemsingizia! Aibu ikamshika Ignasi, shukrani nazo zikamzidi.

Jumapili moja, nje ya kanisa, akasimama na gongo lake akasema kwa sauti, "Aliyenipa damu yake siwezi kumfungia mlango. Limbu aje."

Dominika alimrukia na kumkumbatia mpaka gongo likaanguka. "Asante, baba," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba yake tangu mahindi yavunwe, na Ignasi akalia tena, safari hii bila ganzi ya kusingizia.

Mashemeji wakamtania. Kama yeye na Shija ni damu moja, watoto si wamekuwa ndugu?

"Damu imeishia gotini," Ignasi akawajibu. "Haijapanda huko."

Daktari Meshack aliporudi Sumbawanga, arusi ilishachezwa na tumbo la Dominika lilishaanza kuonekana. Ignasi akaenda kuonyesha goti. Epifania alimfuata nyuma na kibuyu cha mtindi, zawadi ya daktari.

"Limepona vizuri sana," daktari akasema, akilikunja na kulikunjua.

"Litaachaje? Damu ya Kisukuma hiyo."

"Ya nani?"

"Ya Shija. Si ndiyo uliyonichoma?"

Daktari akaliachia goti. "Mzee wangu, tiba hii tunatumia damu ya mgonjwa mwenyewe. Ile ilikuwa yako, uliyotolewa asubuhi ile. Si nilikueleza?"

Ignasi akageuka kumtafuta mkewe. Epifania alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani, kwa bidii kubwa.

"Na Shija je? Nilimwona kwa macho yangu ana pamba mkononi!"

"Yule aliyekuja kukutazama? Aliona tu sindano ya mtu mwingine, akazimia pale mlangoni. Hakutolewa hata tone. Pamba alifungwa na mama huyu hapa; mimi nikadhani ni mila za huku."