Mkwe Nyuma ya Pazia

Tusajigwe alijitupia kitenge kichwani, akajibanza nyuma ya pazia la daktari, kifua wazi, kachorwa mistari ya kalamu huku na huku. Nje kwenye korido baba mkwe wake alikuwa anakohoa.

Kikohozi kile hawezi kukikosea. Miaka kumi na minne ameolewa kijijini Makwale, huko Kyela, na miaka yote hiyo akikisikia anakimbia, maana ukoo wao bado unashika mila ya Kinyakyusa ya zamani: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mzee akitokea, mwanamke anazama migombani mpaka apite.

Leo kamfuata mpaka Mbeya. Nani kamwambia? Nyumbani aliaga anakwenda kupimwa macho, hata mumewe Aliko hajui zaidi ya hapo. Na Mzee Ambwene ni mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa koti la suti kutwa nzima na joto lote lile la Kyela, hata akiwa kwenye majaruba ya mpunga. Akijua mkwewe anataka kunyanyuliwa matiti, kitaitishwa kikao cha ukoo, na wazee wazima watakaa kuyajadili.

Na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri jamani. Dokta Veronika alishamweleza bila kuzunguka. Yaliyolegea kidogo hukatwa kuzunguka chuchu tu. Yakizidi, unaongezwa mstari wa kushuka. Yakiwa kama yake, yaliyonyonyesha wanne, panakatwa na chini pia, alama ikae kama nanga. Kovu litabaki. Akizaa tena, kunyonyesha kunaweza kusumbua, na yanaweza kulegea upya. Au aachane na kisu, anunue sidiria ya maana.

"Yatarudi kama ya msichana?" Tusajigwe aliuliza.

"Yatapanda. Usichana sina."

Tusajigwe akacheka, akasema kata. Watoto wameshiba, sasa ni zamu yake, na hakuna mtu wa kumpangia. Daktari akatoka kufuata fomu. Ndipo kikohozi kikaingia ndani.

Viatu vya mzee vilisimama hatua mbili kutoka kwenye pazia. Tusajigwe akabana pumzi. Aliogopa, na alikasirika pia. Mwili wake mwenyewe, halafu ajifiche kama mwizi wa kokoa.

"Sista," mzee akamuuliza muuguzi aliyeingia naye, kwa sauti ya chini, "kuna mtu yeyote wa Kyela amekuja hapa leo?"

Basi, yamekwisha. Tusajigwe akafumba macho, akaanza kupanga atakavyomweleza Aliko.

Muuguzi akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kuulizwa.

"Mzee, kila ukija unauliza hivyo hivyo. Hakuna anayekuona. Vua hilo koti, daktari akirudi ayapime hayo matiti, tukupangie siku ya kuyapunguza."