Mafuta ya Mkono

"Toa mkono," fundi alisema bila kugeuka.

Mdogo wake aliurudisha mkono haraka. Alikuwa ametoka kula karanga, na vidole vilikuwa bado vinang'aa.

"Nilikuwa naangalia tu, kaka."

"Angalia kwa macho."

Mabomba mapya ya ekzosi yalikuwa yamelazwa juu ya shuka safi, manne yaliyoungana kuwa moja, ya chuma cheupe kisichoshika kutu. Kwa miaka thelathini fundi alikuwa amefunga ekzosi nyeusi za magari ya kawaida. Za gari la spoti, hizi zilikuwa za kwanza. Karatasi iliyokuja kwenye boksi aliisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari: futa kwa spiriti, vaa glavu. Mafuta ya mkono hayaonekani, lakini moto wa kwanza huyachoma ndani ya chuma, na alama yake haitoki tena.

"Kumbe ni kama dhambi," mdogo wake alisema.

"Ni kama wewe na karanga zako. Kanawe."

Ulikuwa mwaka wa tatu mdogo wake hajagusa pombe. Hakuna gereji nyingine iliyokubali kumpokea, kwa sababu enzi zake za ulevi aliuza spana za watu. Mama yao, kabla ya kufa, alimwambia fundi neno moja tu: usimwachie mkono. Naye hakumwachia. Mwezi uliofuata jina la mdogo wake lingeandikwa kwenye kibao cha gereji, chini ya lake.

Walifanya kazi hadi alasiri. Bolti moja ya zamani ilikatikia ndani, wakaitoboa taratibu. Mdogo wake alilala chini ya gari akiyashikilia mabomba kwa glavu, fundi akikaza kutoka juu. Mwisho fundi alifuta tena kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni akitazama saa yake.

"Subiri kidogo, bosi, bado kuliombea," mdogo wake alimwambia. "Kaka huombea hata pancha."

Fundi alivua kofia, akavua glavu, akafumba macho.

"Fundi, unaliombea kama mgonjwa," mwenye gari akacheka.

"Amina," fundi alisema, akawasha.

Mabati ya paa yalitetemeka. Mwenye gari alifunga boneti mwenyewe, akaondoka kabla injini haijapata moto.

Siku ya tatu alirudi. Hakusalimia. Alifungua boneti, akaonyesha kwa kidole. Kwenye bomba la kwanza, katikati ya rangi ya dhahabu iliyoletwa na moto, kulikuwa na kiganja cha mtu na vidole vitano, vya kahawia, kama mhuri.

"Watu wako wanakulia juu ya gari langu?"

Fundi alisugua kwa spiriti. Akasugua kwa msasa. Alama ilipoteza kingo zake, lakini haikutoka.

"Tulikuwa wawili tu," alimwambia mdogo wake. "Mimi nilivaa glavu."

"Na mimi nilivaa, kaka."

"Nilikukuta umenyoosha mkono."

"Ukasema nitoe, nikatoa."

Mafundi wa gereji ya jirani waliacha nyundo zao wakasikiliza.

"Apa."

"Niape nini tena? Enzi zile nilikuwa nakunywa, ukaniuliza spana ziko wapi, nikakwambia nimeuza. Nimekudanganya lini?"

Mwenye gari alikohoa. Fundi aliona haya, na haya ikageuka hasira.

"Vua ovaroli."

Mdogo wake aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ile shuka. Mlangoni aligeuka.

"Mama alisema usiniachie mkono, kaka. Hakusema uushike ukiwa safi tu."

Tangu siku hiyo fundi alimwombea kila alfajiri. Mlainishe moyo, alisema, akiri tu, nami nitamfungulia mlango.

Wiki ya tatu mke wake alirudi kutoka dukani, akaweka kikapu chini, akakaa bila kuvua viatu.

"Nimemwona shemeji. Amekaa nje ya kilabu cha pombe."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Asubuhi hii. Hakunitambua."

Fundi aliinuka, akachukua funguo za gereji.

"Basi Mungu amenijibu," alisema. "Sikumwonea."

Siku hiyohiyo alikuwa na mabomba mengine ya kufunga, badala ya yale yaliyoharibika. Mwenye gari alikuwa ameliacha gari tangu jana yake. Safari hii fundi hakutaka mtu karibu. Alifunga mlango wa gereji kwa ndani. Alivaa glavu mpya, akafuta kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Alihangaika peke yake, mara chini ya gari, mara juu, maana hapakuwa na wa kumshikilia. Alipokaza bolti ya mwisho, alifuta tena.

Kisha akavua kofia, akavua glavu, akaweka mkono juu ya kazi yake kama afanyavyo siku zote, akafumba macho. Aliliombea gari. Akamwombea mwenye gari. Mwisho akamwombea mdogo wake, kwamba Mungu amwonyeshe aliyekosa kosa lake.

"Amina."

Aliwasha injini, akaacha boneti wazi, akasimama kutazama. Chuma kilianza kubadilika polepole, kutoka weupe kuelekea dhahabu. Na kwenye bomba la kwanza, katikati ya ile dhahabu, kiganja kikaanza kujitokeza, kisha vidole, kimoja kimoja, vyote vitano.